Mombasa si Mchanga na Mawimbi Pekee

Wahenga walinena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Lakini, msomaji mpenzi, kuna safari ambazo mtu hufunga virago, akaenda mbali, akala, akalala, akaoga baharini, kisha akarudi kwake pasi na kuona lolote. Nasema hivi kwa sababu yalinifika mimi mwenyewe.

Desemba ya mwaka 2022 nilikusanya akiba yangu ya mwaka mzima nikampandisha mama watoto na watoto wetu watatu katika gari moshi la kwenda pwani. Tulishuka Miritini jua likizama, tukachukua gari moja kwa moja hadi hotelini upande wa Bamburi. Siku tatu nzima tulikuwa kati ya meza ya chakula, kidimbwi cha kuogelea na mchanga. Siku ya nne, tukiwa tunakunywa chai ya asubuhi, mtoto wangu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi, aliniuliza: "Baba, Mombasa yenyewe iko wapi? Ile ya kwenye kitabu."

Sikuwa na jibu. Katika kitabu chake cha shule mlikuwa na picha ya Fort Jesus, ya zile pembe za ndovu zilizovuka barabara, na ya mzee wa kanzu akiuza kahawa. Hakuna hata kimoja alichokiona. Nilikuwa nimelipa pesa nyingi ili nimwonyeshe mtoto maji ya chumvi.

Nilimpigia simu rafiki yangu wa zamani, mzaliwa wa Mombasa, nikamweleza. Alicheka hata nikaona haya. "Bwana, mwaja Mombasa kisha mwajificha hotelini?" akaniuliza. Kesho yake asubuhi alifika, watoto wakamwita Ami kama waitavyo watoto wa huko, na kwa siku mbili alitutembeza. Niliyoyaona siku hizo mbili ndiyo ninayotaka kukusimulia leo, ili nawe ukijaliwa kwenda usirudi mikono mitupu kama nilivyokaribia kurudi.

Ngomeni kwanza

Ami alishikilia kwamba mgeni aanze na Fort Jesus, na tena mapema asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya fundi wa Kiitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu, umbo lake ni kama mtu aliyelala chali, kichwa akikielekeza baharini.

Wengi wetu tulikariri tarehe hizo shuleni. Lakini kukariri ni kimoja na kusimama pale juu ya ukuta ni kingine. Ndani ya kuta hizo Wareno na wafuasi wao walizingirwa na Waarabu wa Omani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu, wakafa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Merikebu yao moja, Santo António de Tanna, ilizama mwaka 1697 chini ya ngome hiyo hiyo, na baadhi ya vitu vilivyozamuliwa humo na wataalamu miaka ya 1970 vimewekwa katika makumbusho ya ndani. Mwanangu alisimama kwa muda mrefu mbele ya ukuta uliochorwa na Wareno wa zama hizo: merikebu, watu, na samaki, michoro ya kitoto kabisa. "Kumbe nao walikuwa wakichora ukutani," alisema. Mvulana huyo alikuwa ameadhibiwa shuleni kwa kosa hilo hilo muhula uliopita!

Waingereza nao waliifanya ngome kuwa jela tangu mwaka 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho ya taifa, na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kiingilio cha raia ni nafuu sana kikilinganishwa na cha mgeni wa ng'ambo, na cha watoto ni nafuu zaidi. Beba kitambulisho chako, na uwe na pesa katika simu.

Vichochoro vya Mji wa Kale

Ukitoka ngomeni, usikimbilie gari. Vuka tu uingie Mji wa Kale kwa miguu. Mombasa, ambayo wenyeji wake wa kale waliiita Mvita, ilikuwa mji kabla Mreno hajatia nanga. Msafiri Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331, na Vasco da Gama alipofika Aprili 1498 aliukuta mji wenye nyumba za mawe na biashara na nchi za mbali.

Barabara ya Ndia Kuu bado ina nyumba zenye roshani za mbao na milango ya kuchongwa. Usipite mbio. Ami alitufundisha kutazama juu kwanza, kwenye roshani, kisha mlangoni. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe uliochongoka, husemwa kuwa wa mwaka 1570, hivyo ni mkubwa kwa umri kuliko ngome yenyewe. Mbele kidogo ni bandari ya zamani, ambako majahazi yalikuwa yakifika kwa pepo za kaskazi yakileta tende na mazulia, na kuondoka kwa kusi yamebeba boriti na pembe.

Tafadhali, msomaji, kumbuka kwamba hapa si makumbusho. Hapa ni mitaa ya watu. Mama anayefua nguo uani si mnyama wa mbugani wa kupigwa picha. Toa salamu, omba ruhusa, na uvae nguo za stara, hasa ukiwa na nia ya kukaribia misikiti. Mgeni aliyesema "Asalaam aleikum" ama hata "Habari za asubuhi" hufunguliwa milango ambayo kamera haiwezi kuifungua. Sisi tulikaribishwa barazani na wazee wawili waliokuwa wakicheza bao la kete. Mmoja wao alimkalisha binti yangu mkubwa, akamwonyesha namna ya kutakata na kula kete, kisha akamshinda mara nne mfululizo bila huruma. "Mchezo ni mchezo, mwanangu," akamwambia, "mgeni hapunguziwi."

Huo nao ni mchezo wa Mombasa, na haulipiwi kiingilio.

Marikiti, leso na tumbo

Saa sita tulikuwa Marikiti, lile soko kuu la barabara ya Digo. Harufu ndiyo itakayokupokea: iliki, mdalasini, karafuu, bizari, pilipili manga. Nunua viungo huko kwa vipimo vidogo, uviweke katika karatasi, na nyumba yako huko bara itanukia Mombasa kwa miezi miwili.

Barabara ya Biashara ndiyo makao ya leso. Mama watoto aliingia duka la kwanza akasema ataangalia tu. Tulitoka baada ya saa nzima. Mjuzi wa leso haangalii rangi pekee bali husoma jina, yaani maneno yaliyoandikwa upindoni, kwa kuwa leso ni barua. Ukimpelekea mama mkwe leso usiyoisoma, unaweza kuwa umemtukana bila kujua. Chapa ya "Mali ya Abdulla" ni ya zamani sana katika biashara hiyo, na wanawake wengi wa pwani huitafuta kabla ya kufungua mkoba.

Kuhusu chakula, asubuhi tafuta mahamri na mbaazi za nazi. Mchana, biriani au pilau katika mikahawa ya kawaida ya mjini, ambako sahani moja hushibisha mtu na nusu. Alasiri ni wakati wa viazi karai, bhajia, mishikaki, kachiri za muhogo zilizotiwa pilipili na ndimu, na mabuyu mekundu yatakayowapaka watoto midomo. Jioni, msikilize muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Kahawa yake ni chungu, hutoka katika dele la shaba lenye makaa chini, na huteremshwa kwa kipande cha kashata au halwa.

Hapa Ami alisema jambo lililonigusa. Alisema mgeni akilala hotelini, akala hotelini na akazungushwa na gari la hoteli, mama wa mahamri hajui kwamba mgeni alikuja. Lakini mgeni anayetembea kwa miguu, hata kama mfukoni ana shilingi mia tano, mji mzima hujua kuwa kuna mgeni, maana hizo mia tano zimegawika kwa watu kumi.

Mbele ya bahari, jioni

Tulipita chini ya pembe za ndovu za Moi Avenue, zilizowekwa miaka ya 1950 kwa heshima ya jamii ya kifalme ya Uingereza. Ni mabati tu, si pembe za kweli, lakini mtoto wangu hakujali. Alizihesabu, akaona zinafanya herufi M, akaridhika kwamba kitabu hakikudanganya.

Jioni ilitukuta Mama Ngina. Ufuo huo ulitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, mwaka ambao sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika papo hapo. Mibuyu ya kale ingalipo, na chini yake wauza madafu na mihogo ya kuchoma. Meli kubwa za shehena hupita karibu hivi kwamba unaweza kumpungia mkono baharia, zikiingia Kilindini. Familia za Mombasa zenyewe huja hapa kupunga upepo. Kwa hivyo, kama ungependa kuwaona wenyeji wakistarehe, usitafute kwingine.

Viwanja vya gofu vilivyo pembeni pale vina historia yake. Machi 24, 2007 ndipo Mombasa ilipoandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Joto na unyevunyevu wa siku hiyo ulimshinda hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametawala mbio hizo miaka mitano mfululizo. Aliacha mbio katika mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akaibuka mshindi. Kwa wanawake, Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiikimbilia Uholanzi, ndiye aliyeshinda. Ukikimbia kidogo pale asubuhi utaelewa kwa nini Bekele alisalimu amri.

Kabla giza halijaingia, pandeni feri ya Likoni. Anayevuka kwa miguu halipi hata senti. Katika dakika chache mtakuwa mmesafiri baharini pamoja na wafanyakazi, wanafunzi, mikokoteni na mbuzi. Washikeni watoto mikono wakati wa kupanda na kushuka, kwani watu ni wengi na hawangoji mgeni.

Ufuo ni wa nani?

Sasa turudi kwenye mchanga, kwani sisemi mtu asiogelee. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba ufuo si mali ya hoteli. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inasema wazi kuwa ardhi iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa ni ya umma. Mkenya asiyelala katika hoteli yoyote ana haki ya kutembea juu ya mchanga huo. Asimame wima, asijione mwizi. Ufuo wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao wengi huuita Pirates, ndio unaopendwa zaidi na familia za kawaida. Huko utakuta ngamia wa kupandwa, mipira ya kukodisha ya kuelea majini, vijana wakisakata kandanda mchangani, na kelele za furaha.

La pili ni kuijua bahari. Maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya kawaida. Muulize mvuvi saa za maji kabla ya kuwaingiza watoto. Kati ya Novemba na Machi, pepo za kaskazi zikivuma, bahari huwa tulivu na maji huwa safi. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, mawimbi huchafuka na mwani hutapakaa ufuoni. Kila msimu wa likizo kuna nyumba fulani huko bara inayopokea simu ya msiba kwa sababu mtu aliyejua kuogelea mtoni alidhani bahari ni mto. Ogelea mahali penye waokoaji, usiingie majini ukiwa umelewa, wala usimwache mtoto majini hata kwa dakika moja.

Wapendao kuona samaki bila kulowa wakodi mashua yenye kioo chini, iwapeleke katika hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986. Wajuzi wa kuzamia nao wana meli ya MV Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki na kivutio cha wazamiaji. Ukifika kwenye matumbawe usiyakanyage wala kuyavunja, na makombe uyaache baharini yalikozaliwa.

Msitu uliootea juu ya shimo

Siku ya pili Ami alitupeleka Haller Park, Bamburi, mahali ambapo sikutarajia kujifunza lolote. Zamani palikuwa shimo tupu lililochimbwa mawe ya kutengenezea saruji. Mwaka 1971 Dkt. René Haller alianza kupanda miti mahali ambapo hata majani hayakuota. Alijaribu aina 26, na ni tatu tu zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje yalipokataa kuoza, alileta jongoo wayale, na kinyesi cha jongoo ndicho kilichokuwa udongo. Leo hapo ni msitu, wenye twiga, viboko, mamba na kobe wakubwa.

Hapo ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004 baada ya kutenganishwa na wenzake. Alimkimbilia kobe mzee aitwaye Mzee, akamfanya mama. Kwa muda wawili hao walishikamana, picha zao zikaenea ulimwenguni na kisa chao kikaandikiwa vitabu vya watoto. Binti yangu mdogo alimlisha twiga kwa mkono wake, na hadi leo akiulizwa habari za Mombasa huanza na ulimi wa twiga huyo.

Njiani mnaweza kusimama Bombolulu, karakana iliyoanzishwa mwaka 1969 ili watu wenye ulemavu wajipatie riziki kwa kutengeneza mapambo, nguo na vitu vya ngozi.

Michezo na burudani za usiku

Mpenzi wa kandanda aulize kama timu ya Bandari inacheza nyumbani, uwanjani Mbaraki. Vijana hao wa bandarini walitwaa Kombe la Ngao mwaka 2019, na mashabiki wao hushangilia kwa ngoma na tarumbeta. Kama unapenda kriketi au raga, pita Mombasa Sports Club, klabu iliyoanza mwaka 1896. Na mwezi wa Ramadhani ukikukuta Mombasa, utaona viwanja vya mitaa vikiwaka taa usiku, vijana wakicheza mpira baada ya kufuturu na kuswali.

Kuhusu muziki, wageni wengi hurudi na wimbo mmoja tu, "Jambo Bwana", uliotolewa na Them Mushrooms mwaka 1982. Wimbo huo si mbaya, ila ulitungwa kwa ajili ya mgeni. Ukitaka kusikia Mombasa ikijiimbia yenyewe, tafuta taarab. Hapa ndipo alipovuma Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, akiimba mashairi mazito kwa mahadhi yenye ladha ya Kihindi, na Zein l'Abdin, bingwa wa udi kutoka Lamu, aliyefariki mwaka 2016. Taarab ya kweli aghalabu huwa harusini, na harusini huendi bila mwaliko. Lakini kanda zao zingali zikichezwa madukani na katika magari. Ukipenda kucheza densi, ulizia bango, mtindo uliopata umaarufu kwa Joseph Ngala wa Freretown. Huo watu wazima huucheza taratibu, wawili wawili, bila papara.

Usiku mmoja Ami alitukaribisha kwake Majengo. Mkewe alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, redio ikicheza taarab ya zamani. Watoto wetu na wao walikuwa nje wakirukaruka kwa kamba chini ya taa ya barabarani.

Niliporudi nyumbani nilipiga hesabu. Siku hizo mbili za mjini, pamoja na leso za mama watoto, hazikufikia nusu ya gharama ya siku moja ya hoteli. Silaumu hoteli, kwani nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe. Ninajilaumu mimi niliyedhani kwamba Mombasa ni anasa ya kununuliwa, wala si mji wa ndugu zetu wa kutembelewa.

Katika gari moshi la kurudi, yule mtoto wa swali alitoa kitabu chake cha shule akafungua ukurasa wa Mombasa. Aliutazama sana, kisha akachukua kalamu na pembeni mwa picha ya ngome akaandika kwa herufi kubwa: NIMEFIKA. Ni kitabu cha shule, na hairuhusiwi kuandikwa ndani. Nilijifanya sikuona.